Pua ya Simba wa Upepo

"Basi nenda ukamuulize simba mwenyewe," Siok-khim alisema, macho hayatoki kwenye sindano. "Tangu asubuhi unaniuliza mimi, na mimi sina mkia."

Bun-hok akamjibu kwa adabu kwamba hana haja ya kumuuliza simba kitu, maana pua yake iko wazi na kila mtu anaona inakoelekea. Inaelekea kaskazini-magharibi, kule ng'ambo. Na desturi ya vitongoji vyetu viwili anaijua hata mtoto anayenyonya: mpaka wa baharini unafuata pua ya yule simba wa jiwe. Mawe ya kukuzia chaza yaliyo kushoto kwake ni ya watu wa Ausua, yaliyo kulia ni ya watu wa Tangkhe. Mawe ya Siok-khim yako kulia. Yeye Bun-hok hakuitunga desturi hiyo, aliikuta.

"Hakuna atakayekufukuza, mama," akaongeza. "Utavuna kama kawaida. Utapita tu kwetu kutuambia kabla hujashuka, basi."

"Kuwaambia au kuwaomba?"

Bun-hok akajikuna shingo. Akasema ni yale yale.

"Si yale yale," akasema Siok-khim, akakata uzi kwa meno.

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao juu ya kapu lililopinduliwa, nafungua chaza kwa kisu kifupi, na hapo katikati ndipo mahali pangu hapa duniani. Nilizaliwa Ausua, nikaolewa Tangkhe. Siok-khim ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu Ui-seng. Bun-hok ni mtoto wa shemeji yangu mkubwa, na tangu alipostaafu kuendesha basi la kisiwa wamemfanya mzee wa kitongoji cha Tangkhe, kwa sababu amezoea kuwaambia watu wakae chini. Ukitoka Ausua kwenda Tangkhe wali uliouacha jikoni hauungui. Hata hivyo siku ya harusi yangu mama alilia kama ninapelekwa Siam, na wanawake wa Tangkhe walinipokea wakinitazama miguu, waone kama kweli watu wa Ausua wana utando kati ya vidole kama bata. Niliwaambia ninao, ila huwa nauvua nikiingia ndani.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunamngoja mpima ardhi kutoka ofisi ya wilaya. Jeshi lilikuwa limemaliza kung'oa mabomu yaliyotegwa kwenye mchanga wetu, malango ya pwani yameondolewa makufuli, na sasa serikali ilitaka pwani yote iingie kwenye ramani. Kila kitongoji kimwonyeshe mpima mpaka wake, achore, na ukishachorwa ndio huo hadi wajukuu wa wajukuu. Maji yalikuwa yanaanza kupwa, na mpima alikuwa ameahidi kufika nayo.

Ili uelewe kwa nini mwanamke mzee agombane kwa sababu ya neno moja, kuomba, itabidi nikueleze Siok-khim ni nani.

Yeye si mtu wa kisiwa hiki. Alizaliwa ng'ambo, kwenye kijiji ambacho siku isiyo na ukungu unakiona ukisimama juu ya paa letu, hata nguo zikianikwa. Zamani hizo ng'ambo haikuwa ng'ambo. Ilikuwa upande wa pili wa maji, basi. Wanaume walivuka asubuhi kuuza chaza na jioni wamerudi na mboga, wasichana walivuka kuolewa, na lugha ni moja, mizimu ni ile ile, uji wa viazi vitamu ni ule ule. Kaka yangu alimwona sokoni akimtukana muuza samaki, akarudi nyumbani akasema anamtaka yule mwenye mdomo. Alikuja kwa mashua na sanduku jekundu na kuku wawili, na mama yake akamwambia atakuja kumtazama mwezi ujao.

Huo mwezi ujao haukufika. Vita vya huko bara vikamalizika kwa namna ya kutomalizika: serikali moja ikabaki upande ule, nyingine ikaja upande huu, na maji yaliyokuwa katikati yakawa mwisho wa dunia. Hakuna aliyekuja kuweka nguzo wala waya. Siku moja tu mashua zikakatazwa. Siok-khim alilala akiwa mke aliyeolewa jirani, akaamka mtu wa nchi nyingine, na godoro hakulibadilisha.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuomba ruhusa. Kushuka pwani kuvuna chaza zake ilimbidi awe na kitambulisho chenye picha, aonyeshe kwa askari langoni, atoke nje na wenzake na arudi nao kengele ikilia, apite kwenye kijia chembamba huku mabomu yamelala kushoto na kulia kama mayai ya kasa. Kwenda Taipei kumtazama mwanawe mgonjwa ilibidi aombe. Kufuga njiwa haikuruhusiwa hata uombe, kwa kuwa njiwa hawana adabu na mipaka. Mipira ilikuwa marufuku pia, na matairi ya ndani, na kila kitu kinachoelea, mtu asije akakumbatia mpira akaenda zake ng'ambo. Mimi wakati ule nilikuwa mnene, si hivi unavyoniona, na nakuambia walikuja askari wawili na mizani wakanipima, wakaandika kwamba mama huyu anaelea, asisogee karibu na maji bila msindikizaji. Bun-hok anasema nimelitunga hilo. Yeye alikuwa hajaota meno, angejua nini.

Na vipaza sauti! Upande ule ulijenga vyao, upande huu vyetu, na kutwa nzima vinatukanana na kuimbiana juu ya vichwa vyetu. Vilikuwa na nguvu hata chaza zilifunguka zenyewe kwenye mawe, sisi twenda na kijiko tu. Lakini Siok-khim hakucheka nilipomwambia hivyo. Alikuwa akisimama kwenye tope hadi magotini, kapu mgongoni, akisikiliza mwanamke wa ng'ambo anayesoma matangazo. Siku moja akaniambia, "Wifi, huyu anatamka 'wali' kama shangazi yangu. Ni wa kijijini kwetu huyu." Mwanamke mwenyewe alikuwa anasema kwamba sisi tuliobaki upande huu tutasagwa kama karanga. Siok-khim alisikiliza hadi mwisho, akainama akaendelea kung'oa chaza.

Safari za meli za abiria kwenda ng'ambo zilipofunguliwa, mama yake alikuwa ameshakufa siku nyingi. Alikwenda hivyo hivyo. Kwenye dirisha la bandari askari kijana akamuuliza anakwenda kutembea au anarudi nyumbani. Akamwambia, "Mwanangu, ukilipata jibu uniandikie." Alifika kijijini kwao, na watoto wa kaka yake wakamkaribisha vizuri, wakamchinjia bata, wakamwita mgeni wetu kutoka ng'ambo. Aliporudi alinieleza jambo moja tu: kwamba ng'ambo ni mahali pa ajabu, ukifika unakuta imehamia ulikotoka.

Kitu kimoja hakuwahi kukiombea ruhusa, nacho ni yale mawe yenyewe. Askari alikuwa na lango, ndiyo, lakini ukishapita lango na kijia, ukifika kwenye tope, mawe ni yako. Kaka yangu aliyachonga mwaka waliooana, nguzo za mawe za urefu wa mtu aliyechuchumaa, akazipanda wima safu kwa safu ili chaza zishike. Kaka yangu alikufa kwa kifua, akiwa bado kijana. Mawe yake yamesimama mpaka leo, na wifi yangu huyajua moja moja kama mwalimu anavyojua watoto wake, lipi mvivu na lipi linazaa. Pale tu ndipo duniani anapokanyaga bila kumwambia mtu. Sasa unaelewa kwa nini neno la Bun-hok, dogo namna ile, lilimkaa kooni.

Tatizo ni pua.

Simba wetu ni wa jiwe, amesimama kwa miguu ya nyuma kwenye kilima kidogo kati ya vitongoji viwili, kinywa wazi, kimo cha mtoto wa kuanza shule. Kazi yake ni kula upepo. Huku kwetu upepo wa baridi unatoka kaskazini-mashariki na unaweza kubeba paa, mchanga, na mume aliyekonda. Basi wazee walimweka simba autazame, aumeze. Vitongoji vyote viwili vinamlisha, na kila mwaka siku yake ikifika anavalishwa joho jipya jekundu. Na kwa kuwa alikuwa kati, wazee wakampa na kazi ya pili: mstari kutoka puani mwake hadi baharini ndio mpaka.

Mwaka wa mizinga mikubwa kutoka ng'ambo, kombora moja lilianguka karibu naye likampindua. Askari wakamwinua. Mimi niliona kwa macho yangu, nimejificha kwenye shimo la viazi. Ofisa wao alikuwa mtu wa mbali, wa milimani, hajui chaza wala upepo. Akasema mlinzi lazima amtazame adui. Wakamgeuza simba hadi akatazama mizinga ya ng'ambo, wakamsimika kwenye saruji, na wakampigia saluti. Nani angemwambia ofisa kwamba adui wa simba ni upepo? Tulinyamaza. Halafu tukazoea. Mpaka wa baharini haukumhusu mtu wakati ule, kila mwanamke alivuna mawe aliyoyakuta, mradi asikanyage bomu.

Hayo yote Siok-khim alikuwa amemwambia Bun-hok asubuhi ile, taratibu, huku anashona. Bun-hok alisikiliza kama dereva anavyomsikiliza abiria anayedai ameshalipa. Akasema anaheshimu maneno ya mama, lakini nani mwingine anakumbuka? Wazee wa umri huo wamekwisha. Mwenye mawe hawezi kuwa shahidi wa mawe yake.

"Yupo wifi yangu," akasema Siok-khim, ingawa kwa shingo upande.

Bun-hok akanigeukia, akatabasamu. "Mama mdogo ninampenda sana. Lakini ndiye aliyeniambia pweza aligonga mlango wake kuomba moto."

"Alikuwa na baridi," nikasema.

"Umeona," Bun-hok akamwambia Siok-khim.

Na Siok-khim, badala ya kunitetea, akasema kweli, mpaka ukishikiliwa na ulimi wa huyu Giok, saa sita utakuwa umeshafika Japani. Nikanyamaza, nikafungua chaza. Isitoshe wanangu, ambao mawe yao yako Tangkhe na wangefurahi sana kupata majirani wapya, walinishika mikono jana yake wakaniomba nisiseme lolote mbele ya mpima. Niliwaahidi. Sikuwaahidi kutouliza.

Nilikuwa nikiitazama mikono ya wifi yangu. Alikuwa anashona joho la simba la mwaka huo, kwa kuwa kazi hiyo aliirithi kwa mama yangu, na siku ya simba ilikuwa imekaribia. Alishamaliza kushona kamba ya shingoni. Sasa vidole vyake, vyenyewe tu, bila yeye kuvituma, vilichukua kamba ya pili vikaipeleka kwenye pindo la chini, pale inapofungwa tumboni.

"Wifi," nikasema, "hivi simba anavaa mkanda wa nini?"

"Mkanda gani?"

"Huo. Kwani ana suruali?"

Akaitazama kamba mkononi mwake kama mtu aliyekuta kijiko mfukoni. Akasema ni ya kuzuia joho lisipeperuke, kila mtu anajua hilo. Hata mke wa Bun-hok, mwaka aliposhona yeye, aliweka kamba mbili. Bun-hok akakubali, kamba ni mbili, ndiyo desturi.

Nikauliza tena, kwa unyonge kabisa, kwamba mtu anayetazama upepo joho lake hupeperuka kwenda wapi.

Siok-khim aliishusha sindano. Hakuhitaji mtu wa kumweleza, alikuwa ametembea pwani hiyo maisha yake yote, na ukitembea ukiutazama upepo nguo inakulalia, inakukumbatia mwili. Ukiupa ubavu ndipo inaporuka ikakufunika uso.

"Ilimfunika macho," akasema polepole. "Mwaka ule baada ya mizinga. Nilimvalisha joho, kesho yake nikalikuta limemfunika macho. Watu wakasema simba anaona haya. Kesho kutwa tena. Ndipo nikaongeza kamba." Akamtazama Bun-hok. "Ni mimi niliyeiongeza. Mama mkwe alinifundisha moja."

Bun-hok akasema hayo nayo ni maneno, na yanatoka kinywa kile kile. Lakini hakuyasema kwa nguvu. Nilimwona anafikiri, na Bun-hok akifikiri hutazama juu kama anayetafuta kioo cha kutazama gari la nyuma.

Hapo nikamsaidia. Nikamuuliza kama lile sanduku la nguo la mama yake, Mungu amlaze pema, bado lipo.

Huku kwetu joho kuukuu la simba halitupwi. Linapelekwa kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, abebwe nalo mgongoni, upepo usimshtue. Bun-hok alizaliwa kabla ya mwaka wa mizinga, na alibebwa kwa joho la simba. Nakumbuka vizuri kwa sababu alilichafua mbele ya hekalu zima. Mama yake alilitunza kama watu wengine wanavyotunza dhahabu.

Bun-hok akasimama. Akakaa. Akasimama tena akatoka bila kuaga, na tukamsikia anatembea haraka kuelekea Tangkhe.

"Hatarudi nalo," akasema Siok-khim.

Nikamwambia atarudi, kwa sababu mtu aliyeendesha basi maisha yake yote hawezi kwenda mahali bila kurudi. Nikaendelea kufungua chaza. Upepo ulikuwa unavuma kama kawaida yake, unatikisa bati la banda la kuku, na kutoka pwani tulisikia harufu ya tope linaloanza kufunuka. Wifi yangu alikuwa ameiweka ile kamba ya pili kwenye paja, hashoni, haitupi. Akaniuliza wanangu watasemaje. Nikamwambia wataninunia hadi mwaka mpya na kisha watataka kula. Akasema, "Wewe ni mtu wa Tangkhe sasa, Giok. Ungenyamaza tu." Nikamjibu kwamba huo ndio ugonjwa wangu toka utotoni, kunyamaza kunanivimbisha miguu.

Bun-hok akarudi. Amelikunja chini ya kwapa, kitambaa kilichokuwa chekundu na sasa kina rangi ya kamba wa baharini aliyechemshwa. Alikitandaza juu ya meza ya mawe, na Siok-khim akajifuta mikono kwenye aproni mara mbili kabla ya kukigusa. Shingoni, kamba. Imekauka kama utumbo wa samaki, lakini ipo. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye pindo la chini, taratibu, kutoka mwisho hadi mwisho. Hapana kamba, hapana uzi uliokatika, hapana hata tundu la sindano.

"Huu ni mshono wa mama mkwe," akasema.

Bun-hok alikaa akikitazama. Kisha akavuta pumzi ndefu. "Nitamwambia mpima kwamba mstari unafuata upepo," akasema, "siyo pua iliyogeuzwa na mgeni. Mawe ni ya Ausua. Mawe ni yako, mama." Akajifuta uso. "Tangkhe watanila mzima."

"Waambie umeshindwa na nepi yako," akasema Siok-khim.

Nilicheka hadi kisu kikaniponyoka. Bun-hok naye akacheka, lakini wasiwasi ulimrudia upesi: simba mwenyewe bado yuko kwenye saruji, anatazama upande usio wake, na mpima ni mtu wa macho, atataka kuona. Atamwonyesha nini? Nikamwambia hilo ni jambo dogo mno. Kumgeuza simba si kazi, mimi mwenyewe nilishawahi kumgeuza peke yangu, mwaka ule wa kimbunga, nilimpa bilauri ya pombe kali ya mtama nikamshika sikio, akaniambia Giok, taratibu, nina kizunguzungu, nami nikamjibu—

"Hodi," ikasema sauti langoni.

Alikuwa kijana mwenye miwani iliyojaa chumvi ya bahari, begani amebeba chombo cha miguu mitatu kilichofungwa kwenye turubai. Akatusalimu kwa kuinama. Akauliza kama hapa ndipo kwa watakaomwonyesha mpaka.

Nikafunga mdomo, maana niliahidi. Siok-khim alikuwa ameshachukua mkasi. Aliikata ile kamba ya tumboni vipande viwili, akaviweka ndani ya kapu la makombe, na kumpa Bun-hok joho jipya lenye kamba moja.

"Ndipo hapa," Bun-hok akamwambia kijana. "Tumvalishe simba kwanza. Joho litakuonyesha upepo unakotoka."

Wifi yangu akavaa buti zake, akajitwika kapu, akapita katikati yetu sote na kushika njia ya pwani. Hakumwambia mtu anakwenda wapi.